Sanamu Yenye Vipimo vya Mama

Mtaani walimwita Bi Futi, kwa sababu futi ya kupimia haikutoka shingoni mwake hata alipokwenda msibani. Mimi nilimwita mama. Hakunizaa. Alikuwa mdogo wake mama yangu mzazi, na kwa haki nilipaswa kumwita mama mdogo. Lakini mtu akikuogesha, akakupeleka shule, akakushonea sare na kukuchapa ukiichana, hilo neno "mdogo" hudondoka lenyewe njiani wala huoni lilipodondokea.

Simsimulii ili kumpamba. Alikuwa mbishi, mwenye ulimi, na hakupenda kusifiwa wala kusifu. Mteja akija kulalamika kwamba gauni limembana, humjibu, "Gauni halijala chochote tangu nilipolishona." Wateja walicheka, wakavua, na wiki iliyofuata walirudi na kitambaa kingine, maana mshono wake ulikuwa haufumuki hata ukivutwa na ng'ombe.

Alikuwa na tabia moja tu iliyowachosha watu. Mtu amekuja kufupisha suruali, yeye anamzunguka, anamtazama nyuma ya shingo, kisha anamuuliza, "Unatumia dawa gani?"

"Nimekuja kwa fundi au kwa daktari?"

"Kwa fundi. Kwa daktari ungekuwa bado uko kwenye foleni."

Mimi niliyekuwa kwenye pasi na vifungo nilidhani ni umbea wa kawaida. Hata barabarani alikuwa akimwona mwanamke mwenye mashavu ya duara, anaongeza mwendo ampite, kisha anageuka kumtazama usoni. Halafu anarudi kwangu amenywea. Nikimuuliza kulikoni, anasema, "Nilidhani namjua." Kwa miaka yote ile alikuwa anamtafuta marehemu dada yake kwenye nyuso za watu, na alikuwa anamwona.

Jambo lenyewe nalisema mapema, kwa sababu sipendi hadithi za kufichana. Mimi nililelewa nikiambiwa kwamba mama yangu mzazi aliuawa na vidonge. Kumbe alikufa kwa kukatishwa vidonge ghafla, na aliyemkatisha ni huyu huyu aliyenilea. Yeye alilijua hilo muda mrefu. Mimi sikulijua mpaka siku ya bibi harusi.

Mama mzazi alikuwa mpishi wa shule. Kusimama mbele ya masufuria kutwa nzima kulimwachia magoti yanayowaka moto. Mwenye duka la dawa la jirani akampa vidonge vidogo kwenye kipakiti kisicho na maandishi, akamwambia ameze asubuhi. Magoti yakanyamaza. Mama akawa anapanda ngazi akiimba. Hamu ya kula ikamjia, mashavu yakajaa, na watu wakamsifu. "Umenawiri, una siri gani?" Naye alijibu, "Siri ni kuwa na mdogo anayejua kushona."

Huyo mdogo ndiye wa kwanza kuona kwamba kunawiri kule si kwa heri. Mtu anayenenepa kwa kula hunenepa kote. Mama alinenepa katikati na akapungua pembeni: kiuno kilitaka kitambaa cha ziada, mikono ikawa inaelea ndani ya blauzi. Nyuma ya shingo ikaota nundu laini, kola zikakataa kulala. Tumboni akapata mistari ya zambarau kama mtu aliyechanwa na kucha. Akijigonga kidogo tu anavilia damu.

Kwa kuwa mama alikuwa hapati nafasi ya kutoka jikoni kuja kupimwa, mdogo wake alifanya kama mafundi wanavyofanya. Aliichukua sanamu ya kushonea, ile isiyo na kichwa wala mikono, akaijaza vitambaa mpaka ikawa na mwili wa dada yake. Kila mama alipoongezeka, naye aliongeza. Aliiwekea tumbo, akaiwekea na nundu.

Kisha siku moja akachoka kuongeza. Alikwenda chumbani kwa dada yake, akachukua vidonge vyote akavitupa chooni, akamwaga na ndoo ya maji juu yake. Mama akalia. Akasema bila vile hataweza kuinuka.

"Tangu lini kuacha sumu kukamuua mtu?" mdogo wake alimwambia.

Mama hakuinuka kweli. Mwili wote ulimuuma, akatapika, akisimama dunia inazunguka. Mdogo wake akawa anampangusa jasho na kumwambia avumilie, sumu inatoka. Halafu juu ya yote hayo ikaingia homa, ya kawaida tu, ambayo sote tuliipata mwezi ule tukapona. Wakampeleka hospitali amebebwa. Daktari akauliza, "Anatumia dawa gani?" Na mdogo wake, kwa kichwa juu, kwa fahari ya mtu aliyemwokoa ndugu yake, akajibu, "Hatumii dawa yoyote."

Mama hakufika kesho yake. Mimi nilikuwa mdogo wa kutosha kudhani kwamba atarudi nguo zake zikishonwa.

Sanamu ilibaki vilevile. Ilisimama kwenye kona ya kibanda cha ushonaji, imefunikwa shuka, na hakuna nguo ya mteja iliyowahi kuvikwa juu yake. Jioni tukifunga, alikuwa anasema kwa sauti ya chini, "Haya dada, tunafunga." Nilipokuwa mtoto niliiogopa ile shuka. Lakini akitoka kwenda dukani nilikuwa naingia chini yake na kuikumbatia, na ninajua mpaka leo mikono yangu ilipofika na ilipoishia.

Ukweli ulimfikia Bi Futi kibandani mwetu, tena kwa mdomo wa mtu mwema. Muuguzi mmoja alikuja kuzibiwa sare iliyochanika kwapani, akakaa kusubiri, na kwa kuwa alikuwa ametoka kwenye zamu ngumu akawa anaongea. Alisema juu ya kila figo pana tezi ndogo, imekaa kama kofia. Humo ndimo mwili unamojitengenezea kitu kinachomwinua mtu asubuhi, kinachomshikilia akipata homa au mshtuko. Vipo vidonge vinavyofanya kazi hiyohiyo. Vinasaidia sana vikitolewa kwa akili. Lakini ukimlisha mtu kwa muda mrefu, zile tezi zinaona kazi yao ina mtu mwingine, zinalala, zinanywea.

"Basi ndugu zake wakiona amevimba uso, wanavitupa vidonge kwa siku moja," muuguzi alisema. "Cha nje hakipo, cha ndani kimelala. Mtu anazimika mikononi mwako hivihivi. Na kinachoniuma, huyo ukimpiga sindano ya dawa ileile mapema, mara nyingi anainuka. Ila lazima mtu aseme alikuwa anatumia nini. Ukiwauliza wanakwambia hatumii kitu."

Cherehani ilikuwa inakwenda. Sindano ikapita katikati ya ukucha wa mama, huyu aliyenilea, ikatokea upande wa pili. Hakupiga kelele. Alilizungusha gurudumu kwa mkono, taratibu, akaitoa sindano, akafunga kidole kwa kipande cha pindo, akamaliza sare ya muuguzi. Nilidhani ni uchovu. Tangu siku ile ndipo lile swali la "unatumia dawa gani" lilipoanza.

Mficha maradhi kifo humuumbua, ndivyo watu husema. Mama alificha kifo, na kikakaa naye kwenye kona kikimtazama akishona.

Sasa bibi harusi. Alikuwa mwalimu wa chekechea, mcheshi, amezoea kuongea na watu kama vile wana miaka minne. Alikuja na kitambaa cheupe na shangazi yake, mwanamke mwenye mkoba mkubwa na maoni makubwa zaidi. Mama akampima. Mazoea yetu yalikuwa yeye kutaja kipimo na mimi kukirudia. Alitaja kifua, akataja kiuno, akapitisha futi nyuma ya shingo, akanyamaza.

"Unatumia dawa gani, mwanangu?"

"Hamna dawa, fundi. Raha tu."

Shangazi akacheka, na mimi nikacheka. Mama hakucheka.

Gauni lilipofika mahali pa kuunganisha kola, fundi yeyote angelitaka liwe juu ya sanamu. Ile yetu ya kawaida ilikuwa nyembamba mno. Mama alisimama katikati ya kibanda na gauni mikononi, akaitazama kona, kisha akaenda akatoa shuka. Aliivisha. Hakuna pini iliyohitajika. Kiuno kilikaa, tumbo likakaa, kola ikalala juu ya nundu kama iliyozaliwa pale.

Nilikuwa na pasi mkononi. Mama yangu aliyekufa alikuwa amesimama mbele yangu na gauni la harusi, hana kichwa. Aliyenilea aliketi juu ya marobota ya vitambaa, akanong'ona, "Umerudi kufanya nini?" Sikumwuliza alikuwa anamwambia nani.

Siku ya kujaribu, bibi harusi alipanda kwenye kigoda, mama akapiga magoti chini na pini mdomoni. Shangazi akatoa maagizo akiwa kwenye kiti.

"Fundi, usimwachie nafasi. Mpaka harusi atakuwa amepungua. Alikuwa na vidonge vyake vya kunawiri, si unajua wakwe wasiseme tumewapelekea mfupa. Lakini mashavu yamezidi, hata picha hazitampendeza. Juzi asubuhi nimevitupa vyote mwenyewe. Na nimemnunulia hivi, vinapunguza maji usoni, vinavipinga vile vya kwanza." Akatikisa kipakiti.

Mama alitoa pini mdomoni moja moja, akazichomeka kwenye mkono wa blauzi yake.

"Umevitupa wapi?"

"Kwenye pipa la nyumbani. Kwani?"

"Vitafutwe. Ameze cha leo, halafu aende hospitali leo hii."

Shangazi alicheka mpaka mkoba ukatikisika. "Wewe fundi una vituko. Kila siku unamchokonoa mtoto wa watu anatumia dawa gani, sasa ameacha, unataka arudie? Tangu lini kuacha sumu kukamuua mtu?"

Maneno yaleyale. Mimi wakati ule sikujua kwamba ni yaleyale. Niliona tu mama amekuwa kama aliyepigwa kofi na mtu aliyemzika. Angeweza kusema "nendeni tu hospitali" akaishia hapo, na shangazi asingekwenda. Alijua hivyo. Na alijua kwamba ili shangazi aamini, ilibidi aseme alikojulia, mbele yangu.

"Zima pasi," aliniambia.

"Haiunguzi kitu."

"Zima, uniangalie."

Nikazima. Akasema akiwa bado amepiga magoti, ameshika pindo la gauni jeupe. "Mimi nilimuua dada yangu hivyohivyo. Mama yako. Vidonge nilivitupa mimi. Alipoanza kuanguka nikamwambia avumilie. Daktari akaniuliza anatumia nini, nikasema hatumii kitu. Wangeambiwa, labda wangemwinua. Nimelijua hilo miaka yote, sikukwambia, kwa sababu ungeondoka."

Kisha aliinuka, akaiondoa shuka kwenye sanamu, akamshika bibi harusi mkono akamshusha kwenye kigoda, akamsimamisha kando yake. Mwili kwa mwili, bega kwa bega. "Hivi ndivyo alivyokuwa wiki ile alipoacha," alisema.

Mwalimu wa chekechea aliinua mkono, akajigusa nyuma ya shingo, akaigusa na sanamu. Ucheshi wote ulimtoka. "Tangu mchana nasikia kizunguzungu," alisema. "Nilidhani ni wasiwasi wa gauni."

Shangazi alifunga mkoba. Sijamsamehe yule shangazi maneno yake mengi, lakini hili nampa: alitoka mbio na viatu vyake vya ngozi, na tulipofika kwao tulimkuta ameinama ndani ya pipa la takataka mpaka kiunoni, anatupa maganda huku na huku, mpaka akatoka na kipakiti.

Hospitali nilikwenda pia, ingawa sijui nilikwenda na miguu ya nani. Nilikuwa na hasira ambayo haikuwa na pa kukaa. Nilitaka kumshika mtu nimtikise, na mtu mwenyewe alikuwa ndiye aliyenifundisha kutembea. Nilikaa benchi la mbali naye. Futi ilikuwa bado shingoni mwake.

Daktari, mwanamke mwenye sauti ya taratibu, alimpima bibi harusi presha akiwa amelala, akampima tena amesimama, akakunja uso. Akauliza, "Anatumia dawa gani?"

Kabla mtu yeyote hajafungua mdomo, mama alisimama. Alisema jina la dawa kama lilivyoandikwa kwenye kipakiti, deksamethasoni, akalisoma silabi kwa silabi. Akasema kwa muda gani, akasema kwamba juzi asubuhi zimekatishwa, akaweka na kile kipakiti kingine mezani. Alisema kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, na alipomaliza alibaki amesimama, kama vile kulikuwa na mtu mwingine zaidi ya daktari aliyetakiwa kusikia.

"Vizuri mmekuja," daktari alisema. Akakisukuma pembeni kile kipakiti cha kupunguza maji. Alieleza kwamba tezi zilezile za juu ya figo hutoa pia homoni inayoshika chumvi na maji mwilini, na hicho kidonge kazi yake ni kuipinga. "Kina wagonjwa wake. Lakini huyu mmeshamnyima cha kwanza, mkimwongezea na hiki mnamkaba shingo." Vidonge atavirudia, kisha vitapunguzwa kidogo kidogo, kwa miezi, mpaka tezi ziamke. Na akimtazama bibi harusi machoni: "Ukipata homa, ukitapika, ukiumia, usisubiri. Unakuja, na unasema unatumia hii hata kabla hujaulizwa."

Harusi ilifanyika na mashavu yake yote, na kwenye picha anacheka kuliko bwana harusi. Mama aliacha akiba pana ya kitambaa ndani ya kila mshono wa lile gauni.

Nyumbani kwetu hakukuwa na harusi. Asubuhi ya kwanza baada ya hospitali nilimwambia, "Chai iko mezani, mama mdogo." Mkono wake ulisimama juu ya kikombe. Akasema, "Asante." Hakuniuliza. Nami niliendelea, asubuhi na jioni, mama mdogo hiki, mama mdogo kile, na kila mara nililiona linapoingia. Nilifurahi linapoingia. Kisha nikawa sifurahi, lakini ulimi ulikuwa umeshika njia. Yeye aliendelea kushona. Alianza kukonda, na jioni tukifunga hakuiaga tena sanamu. Aliipita ameinamisha kichwa, kama mdeni.

Mwalimu alirudi baada ya miezi, amebeba furushi la nguo. Zote zilimpwaya. Nundu ilikuwa imeshuka, uso umerudi kuwa na taya. Alikuwa bado anameza kidonge, kidogo sasa, na amepata homa mara moja akaenda hospitali akilitaja jina la dawa tangu getini. "Mlinzi alinishangaa," alisema, akacheka. Mama akampima. Mimi nikavirudia vipimo. Alipoondoka, mama alimtazama mpaka akakata kona.

Halafu akachukua mkasi, akaenda kwenye sanamu, akavuta shuka ikaanguka chini.

Alikata uzi wa nundu kwanza. Vitambaa vikamwagika. Akahamia tumboni, akakata, akavuta, na ndipo nilipoona alichojazia. Hazikuwa takataka za kushonea. Zilikuwa blauzi za mama. Kila moja iliyombana aliikunja akaiingiza ndani kumwongezea mwili, mpaka mama mnene akawa amesheheni mama mwembamba. Ikatoka ya kijani, ikatoka ya kazini ya jikoni yenye alama ya moto mkononi. Niliinusa. Ilinuka kabati tu. Niliiweka begani mwangu, ikanikaa.

Mama aliendelea kuvuta kwa mikono miwili sasa, anakata ovyo, anapumua kama mtu anayekimbizwa, anataka imalizike, anataka sanamu ibaki mbao tupu kabla hajapoteza ujasiri. Machozi yalikuwa yanamdondokea kwenye mkasi. Nikaushika mkono wake wenye ule ukucha uliotoboka.

"Taratibu, mama," nilimwambia. "Nyingine tutatoa kesho."